Mbona Mtoto wa Kensa Anapimwa Moyo?

Mimi ni karani mstaafu, si daktari, na hilo mlijue mapema. Ila kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasindikiza jamaa zetu wanaokuja hapa London na watoto wagonjwa kutoka Maskati, Dubai, Doha na kwengineko, kuwasomea barua na kukaa nao daktari anapozungumza, maana Kiingereza cha hospitali si kile cha dukani. Na swali moja nimeulizwa karibu na kila mzazi. "Ami, mwanangu ana kensa ya damu. Mbona leo wametupeleka kwa daktari wa moyo? Kuna jambo wanatuficha?"

Hakuna wanachoficha. Moyo unapimwa kwa sababu baadhi ya dawa zinazoiua kensa ndizo hizo hizo zinazoweza kuudhuru moyo, na madhara yake mara nyingi huja kimya, pengine miaka 10 au 20 baada ya mtoto kupona na watu kusahau. Nataka kulieleza hili taratibu, kwa sababu naona familia nyingi hufunga mizigo ya kurudi nyumbani zikidhani mambo ya hospitali yamekwisha, na karatasi iliyokuwa muhimu kuliko zote hubaki kwenye faili la London.

Tuanze na dawa yenyewe. Mzazi yeyote aliyekaa wadini anaijua, kwa sababu ni nyekundu. Nesi huja nayo ndani ya sindano kubwa au mfuko wa dripu, amevaa glavu, na kesho yake mkojo wa mtoto hutoka mwekundu, mama akashituka akidhani ni damu. Wagonjwa wa Kizungu wameibandika jina la shetani mwekundu. Madaktari huliita kundi lake anthrasaiklini, na ndani yake zimo daunorubisini na doksorubisini, ambazo ndizo watoto wanazopewa zaidi.

Asili yake ni udongo. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa kampuni ya Farmitalia ya Milano, Italia, walichukua udongo karibu na ngome ya kale iitwayo Castel del Monte, kusini mwa nchi hiyo, wakakuta humo kijidudu kinachotoa rangi nyekundu. Rangi ile ilipojaribiwa ikaonekana inaua kensa. Jina daunorubisini limeungwa kutokana na Dauni, kabila la kale la sehemu zile, na neno la Kifaransa la yakuti nyekundu. Ndugu yake doksorubisini aliuzwa kwa jina la Adriamycin, kutokana na bahari ya Adriatic iliyo jirani.

Tusiitukane dawa hii. Sisi wazee tunakumbuka, mtoto akiambiwa ana kensa ya damu ilikuwa ni kuhesabu miezi. Leo Uingereza hugundua watoto kiasi cha 1,800 wenye kensa kila mwaka, walio chini ya miaka 15, na zaidi ya 8 katika kila 10 huwa hai miaka 5 baadaye, na wengi wao ndio wamepona. Dawa nyekundu ina sehemu yake katika ushindi huo. Inatumika kwa kensa ya damu, kensa za tezi, kensa za mifupa, na baadhi ya kensa za figo na za mishipa ya fahamu. Hata ile kensa ya taya ya watoto wa kwetu, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, mara nyingi hutibiwa huku Ulaya kwa mchanganyiko wenye dawa hiyo ndani yake. Kwa njia, ni hapa hapa London, katika Hospitali ya Middlesex ambayo sasa haipo tena, ambapo Burkitt alitoa mhadhara tarehe 22 Machi 1961 kuhusu watoto wale wa Afrika Mashariki. Kijana mmoja aliyekaa akisikiliza, Anthony Epstein, alitoka mle na hamu ya kutafuta kirusi, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kuwa wamekipata. Basi watoto wetu hawajaanza leo kuhusika na elimu ya kensa ya mji huu.

Sasa madhara. Kadiri dawa nyekundu ilivyotumika, ndivyo madaktari walivyoona wagonjwa waliopona kensa wakifa kwa moyo. Mwaka 1979 Wamarekani walichapisha hesabu ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa doksorubisini. Waliofikia jumla ya miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, karibu 3 katika 100 walipata moyo kushindwa kazi. Waliofikia 550, wakawa 7 katika 100. Waliofikia 700, wakawa 18. Hiyo mita ya mraba isiwatie kizunguzungu: madaktari hukadiria ukubwa wa mwili wa mtoto kwa eneo la ngozi yake, kwa kuangalia kimo na uzito, ili mtoto mdogo asipewe dozi ya mkubwa. Mtoto ambaye eneo lake ni mita 0.8, akiandikiwa 25 kwa kila mita, hupewa miligramu 20. Kinachoandikwa kwenye hesabu ni ile 25.

Hapo ndipo mimi karani nilipoielewa dawa hii kuliko nyingine. Ni dawa ya daftari. Kila dozi huingizwa upande mmoja, jumla hupanda, na hakuna siku ambapo mstari hupigwa chini yake ukaanza ukurasa mpya. Mtoto akipona leo, kensa ikarudi baada ya miaka 6, daktari wa pili huanzia pale alipoishia wa kwanza. Na kama daktari wa pili yuko Maskati na daftari liko London?

Jumla hizo hazilingani kwa watoto wote, na hili wazazi hulisahau wanapolinganisha kwenye ukumbi wa kungojea. Watoto wengi wenye kensa ya damu ya kawaida hupewa jumla iliyo chini ya 250, wengine hata chini ya 100. Kijana wa miaka 14 mwenye kensa ya mfupa wa goti anaweza kufikia 450 katika mpango mmoja wa tiba. Tena dawa za kundi hili hazina uzito mmoja kwa moyo. Iko iitwayo mitoksantroni ambayo miligramu yake moja sasa huhesabiwa sawa na kiasi cha 10 za doksorubisini. Kwa hiyo hesabu waachieni wenyewe waifanye, lakini jumla yake iombeni.

Mtoto anaumia zaidi ya mtu mzima kwa sababu gani? Fikirini jahazi. Lina mabaharia 10, na katika tufani moja wamepotea 3. Likiwa limetia nanga, hakuna anayetambua upungufu. Hata baharini, upepo ukiwa mzuri, waliobaki 7 watavuta kamba na kufika. Chembe za misuli ya moyo ni kama mabaharia hao: dawa nyekundu huua baadhi yao, na mwili hauna desturi ya kuleta wengine mahali pao, tofauti na ngozi au nywele zinazoota tena. Kwa mtu mzima, jahazi linabaki ukubwa ule ule. Kwa mtoto wa miaka 3, jahazi linakua kila mwaka, matanga yanaongezeka, na mabaharia ni wale wale 7. Kuta za moyo huwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kisha anakuja kubalehe, anaongezeka uzito, anacheza mpira wa nguvu, au ikiwa ni msichana, anabeba mimba. Hapo ndipo tufani ya zamani inapoonekana.

Ndiyo maana madaktari wana wasiwasi zaidi kwa watoto waliotibiwa kabla ya miaka 5, kwa wasichana, kwa waliopata jumla kubwa, na kwa waliopigwa pia mionzi kifuani, kwani mionzi huumiza moyo kwa njia yake yenyewe, pamoja na mishipa na vali zake. Mwaka 1991 madaktari wa Boston walieleza habari za watoto 115 waliopona kensa ya damu. Zaidi ya nusu walikuwa na dosari fulani katika vipimo vya moyo. Siku zile dozi zilikuwa kubwa kuliko za leo, lakini funzo lililobaki ni kwamba mtoto anaweza kukimbia na kucheka na moyo wake usiwe mzima kabisa.

Nasema haya si kuwatisha. Baba mmoja aliniambia wazi: "Ami, kama ni hivyo bora tuache dawa, tuuokoe moyo." Nilimwomba amwambie daktari maneno yale yale, akayasema, na jibu alilopewa nalirudia hapa. Kensa isiyotibiwa huua kwa miezi. Watoto wengi waliopewa dawa nyekundu hawatapata maishani mwao moyo kushindwa kazi. Na yule atakayedhurika, akigunduliwa mapema, kuna vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo. Kinachotakiwa ni kuangalia, basi.

Hapa London huangalia hivi. Nitachukua mfano wa Great Ormond Street, kwa sababu ndiko wengi wa jamaa zetu wa Ghuba hufikia, wengine wakitumwa na serikali zao, wengine kwa fedha zao. Hospitali hiyo ilifunguliwa na Dakta Charles West tarehe 14 Februari 1852, ikiwa na vitanda 10 tu. Leo ina wataalamu wa kensa na wa moyo wa watoto mahali pamoja, jambo lenye faida kubwa kwa habari tunayoizungumza. (Wadi zake za kensa zina majina ya wanyama wa kwetu: Elephant, yaani tembo, na Lion, yaani simba, na kliniki ya mchana inaitwa Safari. Mtoto mmoja wa Kizungu alinifundisha maana ya neno hilo. Nilimshukuru.)

Kabla ya dozi ya kwanza, mtoto hupimwa moyo. Hiki ni kipimo cha msingi, na vyengine vyote hulinganishwa nacho. Kipimo kikubwa ni kile wanachokiita eko. Hakina sindano wala mionzi. Mtoto analala kwenye chumba chenye mwanga hafifu, anapakwa kifuani mafuta mazito ya baridi, na fundi anatembeza kifaa kidogo kinachotoa sauti isiyosikika na masikio yetu. Sauti hiyo inarudi kama mwangwi, na mashine inaugeuza kuwa picha ya moyo ukipiga. Huchukua nusu saa au zaidi kidogo. Mleteeni kikatuni kwenye simu, atulie. Picha ya mtoto anayelia haisomeki vizuri.

Watu wa pwani watapenda kujua kwamba kifaa hiki kina uhusiano na majahazi kweli. Mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima mashine kutoka kiwanda cha meli cha Malmö, iliyokuwa ikitafuta nyufa ndani ya chuma kwa kutumia mwangwi. Wakaielekeza kwenye moyo.

Katika majibu ya eko mtaona namba nyingi, lakini moja ndiyo hutajwa sana. Ni asilimia ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo husukuma nje kwa kila pigo. Moyo hautoi damu yote. Moyo mzima hutoa kama asilimia 55 hadi 70 na kubakisha iliyobaki. Ikishuka kwa pointi 10 au zaidi, ikawa chini ya 50, madaktari husimama na kufikiri: huenda dozi ikaahirishwa, au dawa ya moyo ikaanzishwa, au mpango wa tiba ukabadilishwa. Lakini msikose usingizi kwa sababu mwezi uliopita ilikuwa 64 na leo 60. Namba hii hucheza yenyewe, kwa fundi tofauti na mashine tofauti. Mtoto mwenye homa, au aliyepungukiwa damu, au aliyejazwa maji ya dripu usiku kucha, moyo wake huonekana tofauti pia. Ndiyo maana mara nyengine huambiwa rudini wiki ijayo tupime tena, na wazazi wakadhani wanazungushwa.

Pamoja na eko hufanywa kipimo cha umeme wa moyo, zile waya zinazobandikwa kifuani kwa dakika chache. Baadhi ya watoto hupelekwa kwenye mashine kubwa ya sumaku inapotakiwa picha iliyo wazi zaidi. Vipimo hurudiwa jumla ya dozi inapopanda, na tena tiba inapomalizika.

Kuna dawa ya kuukinga moyo, nayo inaitwa deksrazoksani. Hutiwa kwenye mshipa muda mfupi kabla ya dawa nyekundu. Mzazi aliyesoma kwenye simu atakuta kwamba Ulaya iliikataza kwa watoto mwaka 2011, kwa hofu kwamba huenda ikaleta kensa ya pili. Habari hiyo ni ya zamani. Mwaka 2017, baada ya kuangalia ushahidi upya, katazo liliondolewa kwa watoto wanaotarajiwa kupata jumla inayozidi 300, na hapa Uingereza NHS huitoa kwa vijana wa chini ya miaka 25 wenye dozi kubwa. Ikiwa mwanenu ana kensa ya mfupa, ulizeni habari zake kabla ya kuanza. Baada ya kumaliza haina kazi tena. Kwa wanaohitaji mionzi ya uti wa mgongo au kifua, ulizeni kuhusu mionzi ya protoni, ambayo hospitali ya University College, hapa katikati ya London, ilianza kuitoa Desemba 2021. Miale yake inaweza kusimamishwa kabla ya kuufikia moyo. Haimfai kila mtoto, lakini kuuliza si kosa.

Basi mtoto amepona. Kengele imepigwa wadini, watu wamepiga makofi, bibi yake Maskati amelia kwenye simu. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi.

Mwongozo wa kimataifa wa waliopona kensa utotoni, uliopitiwa upya mwaka 2023, unasema hivi: aliyepata jumla ya dawa nyekundu ya 250 au zaidi, au mionzi ya moyo ya grei 30 au zaidi, apimwe eko kila miaka 2. Wa kati, yaani kutoka 100 hadi chini ya 250, au grei 15 hadi chini ya 30, apimwe kila miaka 5. Aliyepata vyote viwili, dawa kuanzia 100 na mionzi kuanzia 15, huhesabiwa na wale wa hatari kubwa. Na kipimo cha kwanza kisichelewe zaidi ya miaka 2 baada ya tiba. Upimaji huu hauishii utotoni, huendelea hadi utu uzima. Si kwa sababu mtoto ni mgonjwa. Ni kama gari linavyopelekwa kukaguliwa kila mwaka ingawa linatembea.

Mtoto wa Kiingereza hana shida sana, kwa kuwa ataitwa kwa barua nyumbani kwake. Wa kwetu haitwi na mtu. Barua ya dhamana ya matibabu ina mwisho wake, visa nayo ina mwisho, na daktari wa London hajui kama mmehamia Sohar au Sharjah. Mtakaomwita mtoto wenu ni nyinyi.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo hatupendi kulisema barazani. Familia nyengine humficha mtoto mwenyewe. Mama mmoja aliniomba kwa sauti ya chini: "Ami, usimtafsirie neno kensa. Tutasema alikuwa na upungufu wa damu. Kesho ataposwa huyu." Namfahamu mama yule, na sababu yake naifahamu. Maneno ya watu yanaumiza, na posa huvunjika kwa madogo kuliko hayo. Lakini angalieni mwisho wake. Binti anakua, anaolewa akiwa na miaka 23, anabeba mimba. Katika mimba damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu yake, na moyo hufanya kazi ambayo haujapata kuifanya. Daktari wa uzazi anamuuliza: umewahi kupata maradhi makubwa? Anajibu kwa ukweli wa moyo wake: hapana. Akianza kukosa pumzi mwezi wa saba, wote watasema ni uzito wa mimba tu. Mwongozo huo huo unataka mwanamke aliyepata dawa nyekundu utotoni apimwe eko kabla ya mimba au katika miezi mitatu ya mwanzo. Wengi hubeba na kujifungua salama. Ila wanaobeba salama wakiwa wanaangaliwa ni tofauti na wanaobeba kwa kubahatisha.

Kwa hiyo mimi rai yangu, na wapo watakaonipinga, ni kwamba mtoto aambiwe. Si siku moja kwa hotuba. Kwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya umri wake: ulikuwa na maradhi ya damu, ukapewa dawa kali, umepona, na moyo wako tunauangalia. Hapa London, akifika miaka 16 daktari huzungumza na yeye mwenyewe, na nimeona vijana wa kwetu wakilisikia neno lile mara ya kwanza ofisini mle, mbele ya mgeni, wakiwageukia mama zao. Heri walisikie nyumbani.

Dalili za moyo uliochoka ni kukosa pumzi, miguu au uso kuvimba, kikohozi cha usiku akilala chali. Lakini kwa watoto hujificha. Mdogo hutokwa na jasho akila na kuacha chakula. Kijana hulalamika tumbo na kutapika, akapewa dawa za tumbo wiki tatu. Mwambieni daktari yeyote mtakayemuona, hata wa kituo cha jirani: huyu alipewa dawa ya kensa inayogusa moyo. Neno hilo moja humfanya afikirie upya.

Michezo msimkataze, isipokuwa daktari wake wa moyo akisema. Mtoto aliyepona akafungiwa ndani kwa huruma, na kila mgeni akamletea halua, huongezeka uzito, na uzito, kisukari na hasa shinikizo la damu huuzidishia hatari moyo ambao tayari una mabaharia pungufu. Shisha na sigara sizitaji mara mbili. Habba soda, asali na miti shamba mkitumia, mwambieni daktari wakati wa tiba. Hatawacheka, anataka kujua tu isije ikapambana na dawa yake.

Huko mliko wataalamu wapo. Hospitali ya Royal, Maskati, ina kituo cha taifa cha kensa na kituo cha taifa cha moyo, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos inatibu watoto pia. Kwa jamaa waliorudi Dar es Salaam au Unguja, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Muhimbili, ndani ya uwanja mmoja na wadi ya watoto wa kensa. Hawa wote wanajua kusoma eko. Wasichoweza ni kukisia kilichotokea London.

Kabla ya kusafiri, basi, iombeni barua ya muhtasari wa tiba. Iombeni wiki mbili kabla, si asubuhi ya ndege, kwani makatibu wa hospitali wana foleni yao, nami nawajua makarani. Hakikisheni imeandika aina ya kensa na tarehe, majina ya dawa zote, jumla ya dawa nyekundu kwa kila mita ya mraba, mionzi kama ilitumika na ilielekezwa wapi na kwa grei ngapi, namba za eko ya kwanza na ya mwisho, na mwezi na mwaka wa eko ijayo. Picha zenyewe za eko ombeni kwenye diski, kwa sababu daktari wa Maskati atataka kuziona kwa macho yake na sio kusoma maneno ya mwengine. Toeni nakala tatu. Moja ikae nyumbani pamoja na pasipoti, moja apewe daktari wenu, na ya tatu mwekeeni mtoto, siku akishaelewa aichukue mwenyewe.